Boti Nimeificha kwa Jirani, na Mpelelezi Anakuja

Mpendwa Bibi Marlene,

Naomba msaada kabla sijaadhirika. Nafanya kazi za kompyuta kwenye kampuni inayohudumia jeshi hapa Virginia, na kazi hii huwezi kuishika bila kibali cha serikali cha kuona mambo ya siri, sasa kibali changu kinakaguliwa upya na mimi madeni yamenifika shingoni, kadi za mkopo zimejaa, boti ya kuvulia niliyoikopea sijailipia tangu majira ya baridi, na mke wangu Lorraine anaamini nilimaliza kuilipia kwa bonasi. Kwenye fomu nikajaza kwamba sina deni lililochelewa. Nikasikia mpelelezi atapita kwa majirani kuuliza kama naishi kupita kipato changu, basi nikamwambia Lorraine boti inakwenda kwa fundi, nikaivuta hadi uani kwa jirani yangu Vernon, nikaifunika turubai, nikamwambia, "Kaka, ukiulizwa, sema ni yako."

Vernon akanikodolea macho. "Una wazimu wewe? Mimi mwenyewe nakaguliwa mwezi huu! Mshahara wangu wanaujua hadi senti, nitasema boti nimeinunua kwa mbegu za maboga?"

Boti ameirudisha mlangoni kwangu na salamu kakata. Nifanyeje Vernon anielewe?

Dwight, Woodbridge

Dwight,

Vernon amekuelewa vizuri, ndiyo maana boti iko mlangoni kwako. Mtaa mzima unakula kwa vibali, nawe ukaenda kumtwika uongo mtu anayekaguliwa!

Kwa madeni nakupa pole, wala sikucheki. Wakaguzi hao wameona waliougua, walioachika, waliofukuzwa kazi, na wengi wakabaki na vibali vyao kwa sababu walisema kweli na wakaonekana wanalipa. Uongo kwenye fomu ndio utakaokumaliza. Taarifa za mikopo yako wanazo mezani. Serikali inayosaka nyambizi chini ya bahari, ulidhani itashindwa na boti chini ya turubai?

Tena hawauogopi ufukara wako. Wanamwogopa jasusi atakayekunong'oneza, "Nipe siri za kazini, la sivyo Lorraine atajua madeni yako." Wewe uliye tayari kumdanganya mkeo na kumponza jirani ili madeni yasijulikane, ungemkatalia huyo? Mimi sina hakika, na wao pia hawatakuwa nayo.

Mficha uchi hazai. Kesho asubuhi nenda kwa afisa usalama wa kampuni yenu, sema fomu ina uongo na unataka kuirekebisha, usingoje uulizwe. Boti iuze. Wapigie wanaokudai, mpatane malipo ya kila mwezi, hata kidogo, na risiti uzitunze. Vernon muombe radhi, kisha muache apumue.

Lakini leo, kabla ya chakula cha jioni, mwambie Lorraine yote. Atafoka, atalia, huenda akaenda kulala kwa dada yake. Kibali wanaweza kukunyang'anya hata hivyo, sikudanganyi. Ila Lorraine akishajua, hakuna mtu atakayekuwa na cha kukutishia.