Springi Zimekuwa Ngumu

4 Machi

Mwanangu Spana,

Hujambo? Kazi huko gereji inaendaje? Mimi ni mzima, sina neno, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu mama yako atutoke.

Shida ni pikipiki. Kikongwe chetu kimenigeuka. Springi za nyuma zimekuwa ngumu kama jiwe. Nikivuka tuta dogo tu, uti wa mgongo unalia. Huko kwenu hamkosi springi laini za pikipiki za zamani. Nitafutie jozi moja.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi sijambo, ila mikono haitoki grisi.

Umenichekesha. Springi ikizeeka hulegea, haiwi ngumu. Labda shokapu zimeshika kutu. Zifungue, uzisafishe, uzipake grisi, na zile pete za kukazia springi uzilegeze hadi mwisho. Kisha pima kutoka ekseli ya nyuma hadi ukingo wa kiti, kwanza bila mtu, halafu ukiwa umekaa. Tulipozifunga mwaka juzi, ulipokaa zilishuka sentimita nne. Niandikie sasa zinashuka ngapi.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumai barua hii inakukuta salama.

Nimefanya yote. Kutu hakuna, pete nimezilegeza. Jirani yetu mshona nguo alikuja na tepu yake, akapima mara tatu, nami nimetulia juu ya kiti kama bwana harusi. Sentimita mbili tu. Akasema, "Mzee, kaa basi nipime!" Nikamwambia, "Mama, ndiyo nimekaa hivyo!" Tukacheka mpaka nikashikwa na kikohozi, ikabidi anishushe.

Umeona sasa? Ni ngumu. Nitumie laini.

Baba yako

9 Aprili

Shikamoo Baba,

Unisamehe, leo salamu ni fupi. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikairudia, nikaenda kukaa stoo peke yangu.

Springi ni nzima, Baba. Kilichopungua ni uzito unaozikalia. Mwaka juzi ulikuwa na kilo themanini. Sasa una ngapi? Usinizungushe. Kikohozi hicho kilianza lini? Nenda hospitali, uniandikie walichosema.

Binti yako

30 Aprili

Shikamoo Baba,

Bado sijapata jibu. Mtu wa posta akija namkimbilia getini, mpaka wenzangu wananitania. Hata mstari mmoja, Baba.

Binti yako

14 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Leo sitakuandikia kwamba mimi ni mzima.

Nilijua tangu Januari. Daktari alinionyesha picha ya kifua, akaongea taratibu sana mpaka nikamwonea huruma yeye. Mshona nguo amenipunguzia suruali mara mbili, nami nikamkataza kukuambia. Kilo nina arobaini na nane.

Sikukudanganya kuhusu springi, au sijui. Kila tuta liliponiumiza nilizikasirikia kwelikweli. Nilitamani sana ziwe ndizo mbovu. Zingekuwa ndizo, ungezitengeneza.

Basi usilete chochote. Juzi pikipiki ilinishinda kuipandisha stendi. Imelala ubavu hapo uani, petroli imemwagika yote, nami nimeiacha.

Sikutaka unione hivi. Lakini njoo. Mlango sifungi siku hizi. Kuinuka kwenda kufungua kunanimaliza pumzi. Ukifika usibishe hodi ukangoja, sukuma tu uingie.

Baba yako