Kijiko Kinasema Bado Umekaa

Mume wangu,

Assalamu alaykum. Nakusalimia kama wanavyosalimiwa wenzako huko mliko, bila kungoja jibu, ingawa nakujua weye, ungekuwa na namna ungejibu. Jana nimetoka eda. Nilipokwisha kuoga na kubadili nguo sikwenda kwa ndugu zangu, nilikwenda yadi kukitazama kijiko chako cha kuchimbia misingi. Tangu ulipoondoka mashine ile ilikuwa imekataa kuchimba hata shimo la kupandia mgomba, na wanaume wazima na ndevu zao wakiogopa kuipanda.

Si ajabu waogope. Uliuteremsha mkono wa mashine chini taratibu, ukazima injini, na wenzako kule Matemwe wakadhani unapumzika, unangoja adhana ya adhuhuri. Walipokuja kukuamsha ukasali, walikukuta umekaa vile vile, kiganja juu ya wenzo. Kijiko wakakirudisha yadi ya Mpendae, karibu na kwetu. Weye ukarudishwa kwa gari nyengine.

Unaikumbuka kazi ya Nungwi? Kioo cha mashine kikawa kinaonesha namba ya hitilafu ya wenzo wa kulia, asubuhi haipo, mchana ipo. Ukaniapia, miye fundi wako, kuwa hujagusa kitu. Nilipofungua kifuniko nikakuta urojo umegandia kwenye plagi ya nyaya, na kipande cha bajia juu yake. Ukasema, macho makavu, kuwa hiyo bajia imeingia na upepo. Nilicheka mpaka bisibisi ikanitoka mkononi. Tokea siku ile nikiona namba kwenye kioo nauliza kwanza nani kamwaga nini. Namba inakufikisha mtaani tu, nyumba unaitafuta mwenyewe.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya kazi, miye chini na mita yangu ya umeme, weye juu kitini. Nikiita unaitika "Naam" kwa adabu, utadhani unaitwa na Mama, hata siku tulizotoka nyumbani tumenuniana. Kupika sikukupikia vizuri, hilo najua. Lakini mashine yako haikulala na ugonjwa miye nikiwa hai.

Nilikuwa ndani ya eda Haji aliponipigia simu. Ndiye dereva alopewa kijiko chako. Akasema injini inanguruma vizuri lakini mkono hauinuki, na kioo kinaonesha namba. Akanisomea. Nikamjibu kama ninavyojibu siku zote, bila kufikiri, na simu nimeiweka sauti kubwa.

"Hiyo ya swichi ya kiti. Mashine inasema kuna mtu kakaa."

"Shemeji, miye nimesimama nje," Haji akasema. "Kitini hamna mtu."

Mama yako alikuwa pembeni yangu anachagua mchele. Akauweka ungo chini. Mchana ule alikimaliza chakula chake, yeye ambaye tangu msiba alikuwa akionja na kusukuma sahani. Basi ikawa kila Ijumaa anavaa buibui lake anakwenda yadi kukuzungumzisha, na akirudi ananiletea habari zako, leo mwanangu katulia, leo nimemwambia mvua imenyesha. Ningemkataza vipi? Maneno yalitoka kinywani mwangu.

Tajiri, mwenye mashine, alileta fundi kutoka bara na kompyuta yake. Akaifuta namba, ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi. Kiti chenyewe hakukiinua. Akasema ubongo wa mashine umeharibika, uagizwe mwengine, akapanda boti akenda zake. Vijana wa yadi wakasema ubongo hauna kosa, mle mna mtu. Miye na mashetani hatujuani, unanielewa, lakini nilikuwa nikipita dirishani nalitazama lile paa la manjano la kijiko, na mwili unanisisimka.

Nawe unajua kijiko kile kilivyoumbwa. Kikiwashwa lazima kwanza kione kiti kitupu, ndipo kikubali mtu akae na mkono uinuke. Kwa hiyo muda wote kinaposema umo, hapana mwengine wa kukaa mahali pako. Na miye nikikitengeneza, Mama anafiwa na weye mara ya pili. Basi jana nilikwenda na begi langu la vifaa nikiwa sijui nataka nini.

Mama akanifuata. Nilimwomba abaki nyumbani, akaniambia yadi si ya baba yangu. Basi nikampa tochi anishikie, nikapanda. Kabla sijagusa kitu, nilikuita. Nilikuita kwa sauti ya chini ili yeye asinisikie, nikangoja. Miye, fundi. Nimengoja mpaka nikaona haya.

Nilipouinua mto wa kiti, harufu ikanijaa puani. Marashi ya mawaridi. Plagi ya swichi imeota kutu ya kijani, na waya mbili zisizotakiwa kugusana zimeunganishwa na uchafu ulogandia. Mama akauliza nimeona nini. Ningeweza kumwambia waya umechakaa, angekubali. Nikampa ile plagi mkononi. Akainusa.

Akanieleza pole pole. Wanaume walikupeleka makaburini, yeye akabaki ndani na wanawake, kama ilivyo kwetu. Kaburi lako hakuliona. Pahala alipopajua ni hiki kiti ulichofia, basi kabla wiki haijaisha alichukua mrashi wake wenye marashi ya mawaridi akaja kukinyunyizia, kama wanavyonyunyiziwa wengine makaburini. Na kila Ijumaa akaongeza.

"Kumbe nilikuwa nikizungumza na marashi yangu," akasema.

Nikaisugua plagi kwa mswaki mpaka shaba ikaonekana, nikaikausha, nikaurudisha mto, nikashuka na kuuzungusha ufunguo nikiwa nje. Kile kijimtu kilochochorwa kwenye kioo, alama ya kuwa kuna alokaa, kikazimika.

"Sasa chasemaje?"

"Chasema hayupo, Mama."

Alikishika kiti kwa mikono miwili. Kisha akasema Innalillahi wa inna ilayhi raajiun. Mume wangu, siku ulipokufa nyumba nzima ililitamka neno hilo, na mtaa mzima, na kila alokuja kutupa mkono wa taazia. Yeye alifunga mdomo. Walimsihi wakachoka. Jana kalisema mwenyewe, hapana alomwambia, na sauti yake haikukatika.

Leo Haji kakaa, na mkono umeinuka. Watakirudisha Matemwe wakamalize msingi. Mama kalala tangu asubuhi, usingizi wa mtu alosafiri. Miye ndiye siwezi kulala. Eda nzima sikutoa chozi, na wanawake wakanisifu ati nina subira. Haikuwa subira. Nami nilisadiki kuwa umo yadini, umekaa, na siku nikitoka nitakukuta.

Allah akunyooshee ulimi mbele ya malaika wanaokuuliza, na akupe nafasi pana huko ulikolala.

Mkeo