Mti wa Baba Nyuma ya Nyumba

Kambini, juu mlimani
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata juzi, imekunjwa mara nne na kulowa pembeni, ila mwandiko wako unasomeka hata ukilowa. Magoti yanaendeleaje? Na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha au bado mnaishi pamoja? Mimi ni mzima, ukiuacha mgongo, ambao siku hizi huanza kulalamika kabla mimi mwenyewe sijafumbua macho.

Uliniuliza kazi inakwendaje. Mama, kazi haiendi, inazunguka. Tunaung'oa huu mti wa maua mekundu tangu mvua za mwaka juzi, na kila tukimaliza bonde moja, tukigeuka nyuma tunakuta lile tulilomaliza mwezi uliopita limeota upya. Mti gani huu usiojua kufa! Ukiukata, kisiki kinatoa machipukizi kumi. Ukiung'oa, kipande cha mzizi kilichobaki chini, hata kiwe kama kidole, kinaota. Mbegu zake ni nyepesi kama ganda la kitunguu, upepo mdogo tu zimeshavuka kilima. Na pale unapoweka kivuli chake, miti yetu ya asili haioti tena. Kuna bonde zima huku juu ambalo lilikuwa na miti ya kila namna, leo kuna mti mmoja tu, mara elfu.

Mkubwa wetu tumempa jina la Bwana Ramani, maana hausogelei mti kabla hajautafuta kwanza kwenye karatasi. Alikuja na wazo kwamba magogo tunayokata tuyafanye nguzo za uzio wa kitalu, pale tunapootesha miche ya asili. Nikamwambia nguzo hizo zitaota. Akanijibu kwamba yeye amesomea mambo haya, na kwamba gogo lililokatwa ni gogo tu. Haya, tukachimbia nguzo sitini. Baada ya wiki tano karibu zote zilikuwa na majani. Bwana Ramani aliuzunguka uzio mara mbili, kisha akataka kujua ni nani aliyepanda miti pale bila ruhusa yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka kwamba mwenye kuzing'oa ni mimi, kicheko kikakatika.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba hata wa kumlaumu sina. Nimlaumu marehemu baba? Yeye na wenzake wa idara ya barabara ndio walioipanda hapa kisiwani, ili watu wapate kivuli na maua. Mbegu ya ule wa nyuma ya nyumba aliileta ndani ya kibiriti, nawe ukauita mwanao wa kwanza kabla hujatuzaa sisi. Baba aliajiriwa kuipanda, mimi nimeajiriwa kuing'oa, na wote wawili tuliambiwa kwamba tunakijenga kisiwa.

Sasa nije kwenye habari yako. Unasema mti umepukutisha majani yote, na magome yanabanduka. Unasema kila asubuhi unaupelekea ndoo tatu kutoka bombani, kwa magoti hayohayo, na unaniomba nikutafutie dawa ya kuuponya. Tena unasema umeshamjua adui: jirani yako fundi cherehani, kwa sababu alikuwa akilalamika kwamba mizizi inampasulia sakafu, na siku moja ulimwona akimwaga maji ya moto karibu na ukuta. Umemwambia mbele za watu kwamba ana roho mbaya. Umemrudishia sufuria yake. Huu mwezi wa pili hamsalimiani, na yeye, unasema, anashona tu.

Mama, huyo ndiye aliyelala nawe sakafuni siku zote zile baba alipofariki. Sisi watoto wako tulikuwa bado tunatafuta nauli.

Nimeandika majibu matatu nikayachana. La kwanza lilisema ni ugonjwa. La pili lilisema ni uzee. La tatu hata sisemi lilisemaje, nilijionea haya mwenyewe.

Mti nimeuua mimi.

Ile safari niliyokuja kukutengenezea mfereji wa bati, nilikuwa na keke yangu ya kutobolea mbao kwenye mkoba, na chupa ya dawa tunayotumia huku kuua visiki. Ulipotoka kwenda kwa fundi kutiliwa kiraka suruali yangu ya kazi, nilikwenda nyuma ya nyumba. Nilitoboa matundu kuzunguka shina lote, nikayajaza dawa, nikayaziba kwa udongo, nikanawa mikono. Ulirudi ukanikuta juu ya ngazi napiga misumari, ukaniambia Mungu anibariki. Kwa hiyo, saa ile mti ulipokuwa ukiuawa, huyo unayemwita muuaji alikuwa na wewe, ameinamia suruali yangu.

Bonde tunalolirudiarudia liko nyuma ya kilima chako, na mbegu zinatoka kwako. Bwana Ramani alikuwa ameizungushia nyumba yako duara jekundu kwenye karatasi yake. Wale maofisa wawili aliowatuma waje kuukata mti uliwafukuza kwa fagio, ukawaambia anayetaka kuugusa aanze na wewe, na safari ya pili wangekuja na msumeno na askari. Nilijiambia kwamba nakuepushia fedheha hiyo. Uongo. Nilikuwa nakuogopa. Ningeweza kukaa nawe nikakueleza, nikaona ni rahisi zaidi kutoboa.

Kasirika, mama, ni haki yako. Ila usikasirike ukiwa nyumbani. Nenda kwanza kwa fundi, kabla hujaikunja barua hii. Yeye naye nimemwandikia, nimemweleza yote haya, ila barua yake nitaitia posta Alhamisi. Nimekuachia siku hizo tatu ili asikie kwako kabla hajasikia kwangu. Mwambie pia kwamba kiraka chake kingali kinashika, suruali yenyewe ndiyo iliyochoka.

Nisalimie wote wa hapo mtaani, ukianza na yeye. Nitakuja mwisho wa mwezi kuangusha shina kabla halijaangukia paa. Ukinifungia mlango nitalala nje kwenye baraza, na asubuhi nitaanza kazi.

Na tafadhali, mama yangu, kesho usiteke maji. Kaa, pumzisha magoti. Mti hauyanywi.

Ni mimi mwanao,
kitindamimba wako