Kuanza au Kumalizia

Usagara, Tanga

Dada yangu Devota,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama amepaka sebule rangi ya kijani uliyoitaka, na mdogo wetu Queen ameng'oka jino.

Najua utaniuliza habari za besiboli. Kocha Hashil hanianzishi tena. Siku hizi Muhanad ndiye anayerusha mpira tangu mwanzo wa mechi, mimi nasubiri benchi niingie kumalizia. Siwezi kutulia, dada. Nasimama, nakaa, nakunywa maji nisiyoyataka.

Jumamosi tulicheza na timu ya Makorora. Tukiwa mbele kwa pointi moja tu, mwishoni mwa mechi wakimbiaji wao wakajaza vituo vyote vitatu. Kocha akaita, "Zebedayo, ingia!" Nikawatoa wapigaji wawili waliobaki, tukashinda. Wenzangu wakanibeba, lakini mimi nilinuna.

"Kocha, mimi ni wa kuanza," nikamwambia. "Umenishusha."

Akanishika bega la kulia, taratibu tu. Nikapiga yowe.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Nilihisi. Nikikuanzisha, utarusha mpaka mkono ufe. Ukimalizia, utacheza miaka."

Mama hajui bado. Kesho ananisindikiza hospitali, akidhani ni kikohozi, nitamweleza njiani.

Jumamosi ijayo Muhanad anaanza tena. Glavu yake imechanika, kwa hiyo nimemwambia avae ile uliyoninunulia, kisha anivulie zamu yangu ikifika.

Nduguyo, ambaye benchi bado linamuunguza,
Zebedayo