Jiko Nyuma ya Mlango

Mdogo wangu Papara,

Pokea salamu zangu baada ya kimya kirefu ambacho lawama yake ni yangu peke yangu. Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua na kikohozi cha shemeji kimetulia. Sisi hatujambo. Mimi naamka, natembea hadi kona ya barabara, narudi, nasoma mpaka macho yagome. Huu ni mwaka wa arobaini na tatu tangu nivuke mpaka, na bado nikisikia mtu akipiga chafya nyumba ya pili nadhani ni mtu wa kwetu.

Habari kubwa hapa ni jiko. Binti yangu amebomoa la zamani na anajenga jipya, kila kitu kikizama ndani ya makabati: oveni, maikrowevu, friji, hata mashine ya kuoshea vyombo. Fundi alikuja na mchoro mzuri sana. Oveni aliiweka kwenye kabati la kwanza kabisa, ubavuni mwa mlango wa kuingilia, kwa kuwa waya wa umeme tayari uko hapo. Nilimuuliza mlango wa oveni ukifunguliwa utaishia wapi. Akasema utashuka chini kama ubao, basi. Nikasema ubao huo utakuwa njiani. Mkwe wangu akacheka, akasema baba hajawahi kupika hata chai lakini leo ni mhandisi. Fundi naye akaanza kuniita Mzee Futi, kwa sababu nilishika futi yake ya kupimia na sikutaka kuirudisha.

Binti alijaribu kunituliza. Alisema oveni za siku hizi kioo chake hakichomi, nisihangaike. Nilimwambia sawa, lakini trei inayotoka ndani haijui kwamba ni siku hizi.

Basi nikachukua chaki, nikachora sakafuni mahali mlango wa oveni ungefikia, nikaweka hapo boksi tupu, nikaketi kusubiri. Mjukuu wangu wa miaka sita, tunayemwita Kimbunga, alirudi kutoka shule, akasukuma mlango kwa bega kama kawaida yake, akalivaa boksi hadi likabonyea. Hakuna aliyecheka. Fundi akatandika mchoro wake upya na kutoa penseli.

Sasa oveni itakaa ukuta wa ndani, mbali na njia na mbali na friji, na kando yake pawe na meza ya kuwekea trei ya moto. Maikrowevu, iliyokuwa juu ya kichwa cha kila mtu, imeshushwa usawa wa kifua, bakuli la supu lisije likammwagikia mtu usoni. Swichi ya kuzima umeme itakuwa mahali mkono unapofika, si nyuma ya oveni.

Tulipobaki wawili, binti aliniuliza nilijifunzia wapi mambo haya. Nilimwambia nitamjibu nikishamwandikia shangazi yake.

Mdogo wangu, unakumbuka mama aliliweka jiko la mafuta ya taa kwenye kona ya mbali, chini ya dirisha. Mchana ule nilikuwa najiandaa kwa mtihani, nikaitaka kona ile kwa ajili ya mwanga. Nikalihamisha jiko, nikaliweka nyuma ya mlango, na sufuria ya maji ikaendelea kuchemka juu yake. Wewe ukaja mbio kutoka shule kunionyesha daftari lako, ukasukuma mlango, sufuria ikakupindukia. Nilikumwagia maji baridi mkononi, hilo nililifanya. Kisha, kabla sijaenda kumwita mama, nililirudisha jiko kwenye kona.

Ulimwambia mama kwamba jiko lilikuwa nyuma ya mlango. Mama akatazama kona, akaliona mahali pake. Mimi nikasema uliivuta sufuria mwenyewe kwa papara zako. Ndipo lilipoanza jina hilo, ambalo hadi leo unatia nalo sahihi barua zako. Mwaka juzi uliniandikia kwamba labda kweli siku ile ulichanganyikiwa kwa maumivu. Barua hiyo ninayo hapa mezani.

Hukuchanganyikiwa. Jiko lilikuwa nyuma ya mlango, na mimi ndiye niliyeliweka. Wasomee wanao maneno haya, kwa sababu najua nao wanakuita hivyo.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote. Siombi unijibu upesi. Ukijibu, tia sahihi kwa jina alilokupa mama.

Ni mimi,
kaka yako.