Wimbo wa Ndani Juu ya Piano

Alhamisi, Temeke. Mvua ya vuli inanyesha na kukatika, inanyesha na kukatika, na mie vivyo hivyo. Nakaa, nasimama. Chai nimeiacha mpaka imepoa. Sina raha, wallahi sina.

Keshokutwa ni tamasha la shule mbele ya wakubwa wa elimu. Kwa mara ya kwanza mwalimu Mwafrika atapiga piano pale ukumbini, na mwalimu huyo ni mie.

Kosa nalijua lilipoanzia. Bibi Ilona, Mhungaria anayetufundisha muziki, alinipigia nyimbo za kwao. Mie nikadhani atapiga vitu vya kanisani. Loo! Piano ile aliigonga kama ngoma. Akanieleza kuwa zamani wasomi wa kwao waliziona nyimbo za wakulima kuwa aibu, wakawa wanawaiga Wajerumani, mpaka wakatokea watunzi waliobeba mashine ya kunasa sauti, wakaenda vijijini kuwasikiliza vikongwe. Wakarudi na nyimbo, nyingine za noti tano tu, wakaziandikia piano bila kuzipamba mno. Hata mapigo yanafuata lugha yao, inayotia mkazo mwanzoni mwa neno. "Na wewe niletee wa kwenu," akaniambia.

Niliupata siku hiyo hiyo. Nilipoutia mkazo karibu na mwisho, kama tunavyosema sie, ukasimama wenyewe. Nililia pale pale kwenye kiti.

Ila niliouchagua ni wimbo wa mwali. Nilifundishwa nilipovunja ungo, nikiwa ndani, na niliapa kutoutoa nje wanaume wakausikia. Nikajidanganya: piano haina maneno, mwanamume atajua nini?

Jana somo wangu, Bi Mwanaheri, yule aliyenifunda, alikuja shuleni tupange siku ya kumweka ndani binti yangu Zaina. Akanikuta ukumbini nafanya mazoezi, madirisha wazi, mtunza bustani anafyeka nje. Nikasimama. "Shikamoo, somo." Hakuitika.

"Huo nilikupa ndani. Nani kakwambia uutoe?"

"Sikutaja hata neno moja, somo."

"Na mie nimeujuaje?"

Akajifunga kanga yake vizuri, akasema nikiupiga Jumamosi, Zaina nimtafutie somo mwingine. Akaenda zake, na siku hatukupanga.

Leo asubuhi nikamuuliza Bibi Ilona: wale vikongwe wa kwenu, walijua nyimbo zao zinakwenda wapi? Kuna aliyekataa? Akafunga kifuniko cha piano polepole. Akasema amezipiga nyimbo hizo tangu utotoni na hajawahi kujiuliza. Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe zaidi, maana yeye hakumwapia mtu.

Nataka kuupiga.

Niseme tu ukweli, nani atasoma humu? Nataka wakubwa wale wasikie kuwa na sie tuna kitu. Lakini kumwingiza Zaina ndani bila mkono wa Bi Mwanaheri, hapana, hilo siliwezi. Mama yangu alipokufa ni yeye aliyebaki kunikanya na kunifuta machozi.

Basi nikaamua njiani wakati wa kurudi: nitapiga wimbo wa kutwanga. Huo hauna mwenyewe, unaimbwa uani kila mtu anasikia. Nikafika nyumbani nimetua mzigo.

Zaina alikuwa uani anasugua sufuria, anaimba puani. Nikasimama mlangoni. Ule ule. Hakukosea hata mahali pamoja.

"Umeupata wapi huo?"

"Kwako, mama. Si unaupigaga mezani kwa vidole kila jioni, huku unauimba puani? Wimbo wa piano."

Wimbo wa piano!

Nilimwambia anyamaze, kwa ukali asioustahili, na amenuna mpaka sasa. Maji yamekwisha kumwagika. Jumamosi nitapiga wa kutwanga, hilo silirudii tena. Lakini siku Bi Mwanaheri atakapoanza kumfundisha Zaina ule wimbo ndani, na mtoto akaumalizia kabla hajafundishwa, uso wangu nitauficha wapi?