Tofali Moja Juu ya Mlango

Njombe,
10 Machi 1947

Kwa kaka yangu mpendwa Kefa,

Kamwene, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, na mkonge haujakumaliza mikono. Sisi huku tunaamka. Mama magoti yanamsumbua kwa baridi hii, lakini ulimi wake ni mzima kabisa. Jana alinisema tangu uji wa asubuhi hadi jua lilipozama. Shemeji Kristina ameanza kula vizuri, ingawa bado hawezi kupita njia ya makaburini bila kusimama.

Mahindi yamebeba. Danieli anaondoka kesho kwenda Makambako kutafuta lori la kuja huko Tanga, na barua hii nampa yeye akukabidhi mkononi. Tafadhali isome mwenyewe, ukiwa umekaa.

Nyumba yako imesimama. Vyumba viwili, madirisha matatu, kuta za matofali ya kuchoma kama ulivyoagiza. Watu wanavuka mto kuja kuitazama. Katika barua yako ya mwisho ulinisifu kwamba sasa nimekuwa mtu mzima, nimekata kuni na kuwasha tanuri mwenyewe. Kaka, unanijua tangu utoto. Mimi na kazi ngumu hatujawahi kuelewana. Sikuwasha tanuri lolote.

Yale matofali niliyatoa kule kwa Mjerumani, kwenye magofu ya misheni. Unakumbuka, wamisionari walipoondolewa wakati wa vita ya kwanza, kanisa lao lilibaki kuta tupu, na Mzee Efraimu, aliyelijenga akiwa kijana, alikataza mtu kugusa hata tofali moja. Alisema kuta zile zimechoka. Mimi niliona ni maneno ya uzee tu. Ya juu yalikuwa yameliwa na mvua, kwa hiyo nilichomoa ya chini, kwenye kona, ambayo yalikuwa bado magumu.

Nilikuandikia kwamba binti yako Anyisile alijibanza pale kukwepa mvua, ukuta ukamwangukia. Ukanijibu kwamba ni mapenzi ya Mungu, ukanishukuru kwa kumchimbia kaburi. Shukrani ile imenikaa kooni tangu siku niliyoisoma. Kijiji kizima kinasema ni mvua. Mzee Efraimu anasema ni yeye, kwamba angeubomoa ukuta mapema. Ameacha uzee wa kanisa, na Jumapili anakaa benchi la nyuma, peke yake.

Mvua ilikuwapo, kaka, lakini Anyisile hakuwa akiikwepa. Kila nilipokwenda kule alinifuata. Nilimsokotea ngata ya majani, akawa anabeba nusu tofali kichwani, anaimba njia nzima. Aliniuliza kama nyumba ikiisha ndipo baba atarudi. Nikamwambia ndiyo, ikiisha tu, baba atarudi.

Siku ile nilikuwa nimejilaza. Nilimwambia kazi imekwisha, limebaki tofali moja tu juu ya mlango, tutalifuata kesho. Hakusubiri kesho. Alikwenda mwenyewe, akalichomoa pale chini alipozoea kuniona nikichomoa. Mimi ndiye niliyemkuta. Ngata ilikuwa bado kichwani na tofali mkononi. Nililitoa nikalificha ndani ya koti langu kabla watu hawajafika, kisha nikalia pamoja nao kama mtu asiyejua kitu.

Leo asubuhi nimemwambia Mzee Efraimu. Nilitaka anipige. Aliniuliza tu kama nimekuandikia wewe, na niliposema bado, akanipa karatasi hii ninayoandikia. Jumapili nitasimama mbele ya kanisa niseme yote. Kristina na Mama nitawaambia Jumamosi. Lakini wewe ndiye uliyepaswa kujua kwanza. Sikuombi unisamehe. Naogopa tu usije ukalala ndani ya kuta hizi bila kujua.

Wasalimie wenzako wote wa kambini. Mama anasema usisahau blanketi lake. Kristina naye anakusalimu, na ameniagiza nikuandikie kwamba nyumba imekwisha yote isipokuwa tundu moja juu ya mlango, kwamba baridi inaingia, na kwamba unikaripie, kwa maana ameona tofali chini ya kitanda changu na haelewi kwa nini siliweki.

Ni mimi mdogo wako,
Hezekia